Mkataba Uliohama na Tanveer

Ruta ya intaneti iliwaka kabla haijaunganishwa na chochote. Ilikuwa juu ya boksi la vyombo, sebuleni mwa nyumba mpya kule Bingley, waya wake wa umeme umeviringishwa na kufungwa kwa mpira, na taa ya kijani inapepesa.

"Tanveer," Farhat alimwita mumewe, "hii umeichomeka wapi?"

"Itakuwa na betri." Tanveer hakuinua macho. Simu yake ilikuwa imeshapata intaneti. "Wenzako wanaohama wanamngoja fundi mpaka wanazeeka. Mimi nimemaliza kwa simu moja."

Haikuwa na betri. Lakini Tanveer Mirza alikuwa mtu wa kutoa jibu kila asipojua, na kadiri alivyokuwa hajui ndivyo alivyopaza sauti. Kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba. Wateja waliosoma mikataba mpaka ukurasa wa mwisho aliwacheka ofisini, akawaita "wasomaji" kwa sauti ambayo watu wengine huitumia kusema "wezi".

Simu aliyojisifia nayo ilipigwa walipokuwa bado wanafungasha kule Bradford, mji wa jirani, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mama yake. Farhat alikuwa anafunga sahani kwa magazeti, na sauti ya mwanamume mpole ikatoka kwenye spika.

"Mkataba wako wa intaneti utahama nawe, Bwana Mirza, na utaanza upya. Kila kilichokuwa kikihudumiwa katika nyumba ya zamani kitahamia nyumba mpya, na kitaendelea kuhudumiwa na wewe. Una wiki mbili za kubadili mawazo. Unakubali?"

"Kuhudumiwa na nani?" Farhat alishtuka. "Mwambie arudie hapo."

"Nakubali, nakubali," Tanveer alisema. "Hamisha kila kitu, bwana, nina kazi."

Upande wa pili, ile sauti ikashusha pumzi ndefu, kama mpagazi anayetua mzigo.

Basi wakahamia Bingley, na majira ya baridi yakawa yamekaza, giza linaingia saa kumi alasiri. Harufu ilikuja kwanza: harufu ya sufu mbichi iliyoungua kwa pasi, hasa kwenye ngazi. Tanveer akasema ni rangi mpya. Halafu ukaja muziki, ule muziki wa kusubirishwa kwenye simu, unapiga chinichini ndani ya ukuta wa jikoni, na ukiweka sikio unahamia ukuta mwingine. Tanveer akasema ni majirani, ingawa nyumba ilisimama peke yake na upande ule palikuwa na malisho ya kondoo tu.

Farhat alipiga simu kwenye kampuni akiwa kazini kwake.

"Hapana, mpenzi," msichana wa huduma alimjibu, kwa namna watu wa huko wanavyosema na kila mtu. "Ombi lenu la kuhama hatujaligusa bado. Hakuna mtu wetu aliyewapigia. Na hiyo anwani yenu mpya haina laini kabisa."

Farhat alifika nyumbani, Tanveer yuko ghorofani kwenye simu ya kazi. Binti yao Aiza, wa miaka minne, alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti.

"Aiza, mama, shuka unywe maziwa."

Mtoto aligeuka taratibu, akatabasamu kwa adabu ambayo hakufundishwa na mtu, na kwa sauti nzito ya mwanamume mpole akasema, "Tafadhali subiri. Tutakuhudumia hivi karibuni."

Farhat alimbeba mbio mpaka kwenye gari, wakaenda moja kwa moja Bradford kwa Khala Sughra. Hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, ingawa hakuwa dada wa mama wa mtu yeyote pale. Aliwasomea Kurani watu walioingiliwa na majini, na hakuwa na subira na wajinga. Alimnusa Aiza utosini, akakunja uso.

"Huyu ni yule jini wa chini ya ngazi za nyumba ya zamani," alisema. "Mama mkwe wako aliishi naye maisha yake yote. Alimsalimia akipita, akamkatalia kila alichoomba, wakazeeka kwa amani. Sasa nani amemwambia ndiyo?"

"Mume wangu. Kwa simu."

"Nilijua tu. Yule kichwa kitupu! Sikiliza, binti. Huyu halazimishi, anauliza. Wiki mbili zimeisha?"

"Bado."

"Basi Tanveer akatae mwenyewe, kwa mdomo wake, na leo hii. Twende."

Farhat akampigia mumewe palepale, akamweleza yote. Kwa mara ya kwanza Tanveer hakucheka. Alisema tu, "Nimeelewa," akakata.

Walipofika Bingley, nyumba yote ilikuwa giza isipokuwa ile taa ya kijani, na walipofungua mlango harufu ya sufu iliwapiga usoni, muziki ukawa unatoka kwenye kuta zote kwa pamoja, na Aiza mikononi mwa mama yake akawa mzito ghafla, mzito kama mtu mzima aliyelala, macho wazi, midomo inachezacheza bila sauti, na kutoka jikoni wakasikia Tanveer akinong'ona kwenye simu, haraka haraka, kama mtu anayeuza nyumba mbovu kabla mvua haijanyesha.

"Badilisha jina. Mwandike mke wangu. Ndiyo, Farhat. Anakubali, mimi ni mumewe, nakwambia anakubali!"

Muziki ukakatika.

"Bi Farhat," midomo ya mtoto ikasema, shingoni pa mama yake, na pumzi yake ilikuwa ya moto. "Mkataba sasa una jina lako. Unathibitisha?"

Khala Sughra alikuwa amekwisha kuanza kusoma, sauti yake ndogo, mfululizo. Farhat aliogopa mpaka meno yakagongana. Kisha alimwona mumewe pale mlangoni mwa jikoni, simu kifuani, akimwashiria kwa kichwa, akimsihi aseme ndiyo, na woga wake wote ukageuka kinyaa.

"Sithibitishi," alisema. "Sikuulizwa, sikukubali, simpi mtu ruhusa ya kunikubalia. Mwanangu hahusiki. Kama unataka wa kukuhudumia, aliyesema ndiyo ni yule pale."

"Farhat!" Tanveer alipiga yowe.

Aiza akawa mwepesi, akaanza kulia kilio chake mwenyewe. Tanveer alirudi nyuma hatua moja, akajishika koo, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma bila viatu.

"Mwite, akatae!" Khala Sughra alisema. "Bado ana nafasi."

Walimwita. Walimpigia simu siku zilizofuata, hakupokea. Aliona aibu kukiri mbele ya wanawake wawili kwamba hakusikiliza alichokubali, na kwa aibu hiyo akaziacha wiki mbili zipite.

Alirudi Jumapili moja mchana, jua linawaka juu ya theluji. Farhat alichungulia dirishani. Mumewe alikuwa peke yake mlangoni, amekonda, amenyoa vizuri, na theluji ilikuwa na nyayo za mtu mmoja tu. Akainama kwenye tundu la barua, akasema kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao:

"Farhat, tufungulie."