Nilikipa Nyota Tano Kitabu Ambacho Sikukisoma

Wadau, ukurasa wa 143 ulitoka kwenye mashine ukiwa bado wa moto, na mtu wa kwanza niliyekutana naye humo alikuwa shemeji yangu!

Si mtu anayefanana naye. Yeye mwenyewe!

Mume wa mdogo wangu wa mwisho. Fundi miwani, mpole, anamwita mke wake "mtoto mzuri" mbele za watu mpaka mama yetu anaona aibu. Funguo zake anazivaa shingoni kwa kamba ya kiatu ya kijani. Siku aliyokuja kujitambulisha tuliicheka sana ile kamba.

Sasa kamba ile ile ilikuwa kwenye riwaya, mstari wa tatu kutoka juu.

"Mimi siwezi kumpiga mwanamke," mume wa kwenye riwaya alikuwa anamwambia mkewe. "Mimi hufunga mlango tu."

Halafu akapiga mluzi, akazungusha ufunguo...

Nikakaa juu ya boksi la karatasi.

"Dada, kopi zangu vipi?" mteja akauliza.

"Zinakuja."

Hazikuwa zinakuja. Nilikuwa hata sijaziweka kwenye mashine.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana aibu yangu inaanzia huko.

Mnaniita Mchwa kwa sababu mnaamini nakula vitabu. Mchana natoa fotokopi, na kila Ijumaa nawapa maoni yangu kuhusu riwaya mpya. Mnaikumbuka ile ya mapenzi, tajiri anamfungia msichana kwenye jumba lake kwa sababu "anampenda kupita kiasi"? Niliipa nyota nne, nikasema jamani, wanaume wa hivi wanapatikana wapi! Ile ya upelelezi niliiponda, muuaji anajulikana tangu kwenye jalada. Ile ya watu wanaohamia mwezini nikasema mwandishi kasahau kwamba hata huko watu wangekuwa na mama mkwe.

Na ile ya kutisha niliipa nyota mbili. Mhusika mkuu anajua kabisa ndani ya nyumba kuna hatari, na bado anaingia peke yake. "Mjinga wa hivi yuko wapi duniani?" niliandika. Mkacheka sana kwenye komenti.

Subirini.

Ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu ni kwamba sivimalizi. Nasoma sura tatu za mwanzo, maneno ya nyuma ya jalada, na sura ya mwisho. Katikati naruka. Ni kama mtu anayeonja kichwa na mkia wa samaki, halafu anawatangazia watu kwamba mnofu ulikuwa mtamu.

Miezi minne iliyopita fundi cherehani mmoja, mwanamke nisiyemjua, alinitumia riwaya yake ya kwanza. Ndani aliandika kwa kalamu: "Dada, tafadhali isome yote. Hasa sura ya kumi na moja."

Nikasema moyoni, hawa waandishi wapya nao kwa kujisikia! Nikaonja kichwa, nikaonja mkia, nikawaandikia: "Nimeisoma mpaka nukta ya mwisho. Sura za katikati zimeninyima usingizi. Nyota tano!"

Mwezi mmoja baadaye mdogo wangu akaolewa. Zawadi yangu ilikuwa kile kile kitabu, nimekifunga kwa karatasi ya kung'aa.

"Kisome, Kidoti. Kitamu balaa," nikamwambia. Tunamwita Kidoti kwa ajili ya alama iliyo juu ya mdomo wake.

Basi, Jumamosi hiyo ya ukurasa wa 143, saa nne asubuhi, inboksi ikalia. Yule fundi cherehani.

"Dada, nimepita dukani kwa shemeji yako. Pamefungwa, kuna tangazo kwamba anahama mji. Mdogo wako yuko wapi?"

"Unamjuaje shemeji yangu?"

Nikaona anaandika... anafuta... anaandika.

"Si ulisema umesoma?"

"Kitabu nimemwazima mtu," nikadanganya. "Nitumie hiyo sura ya kumi na moja."

Akatuma. Nikaichapa. Ndipo mliponikuta nimekaa juu ya boksi.

Nikaendelea kusoma. Mume wa kwenye riwaya alikuwa na utaratibu wake. Kwanza simu ya mke huangukia kwenye maji. Kisha mke hupata mafua yasiyoisha, hawezi kuona wageni. Kisha wanahama, na hakuna anayeambiwa wanakokwenda.

Simu ya Kidoti ilikuwa imeangukia kwenye ndoo ya maji wiki tatu kabla ya siku hiyo!

Na mafua alikuwa nayo wiki mbili. Shemeji ndiye aliyetuambia, na mama akamwombea nafuu kwenye simu hiyo hiyo ya shemeji.

Nikampigia fundi cherehani.

"Ni wewe? Mke wa kwenye kitabu?"

"Ni mimi. Miaka miwili na nusu."

"Kwa nini hukuniambia tu?!"

"Niliiambia familia ya aliyenifuata. Walinifukuza, eti mtalaka ana wivu. Yule binti mpaka leo sijui yuko wapi. Nikasema safari hii naandika, atakayesoma atajua mwenyewe. Nilipoona picha ya uchumba wao kwenye ukurasa wako, nikakutumia kitabu. Ulipotoa nyota tano nilishukuru Mungu, nikajua harusi imevunjika. Halafu nikaona picha za harusi... Nikajua mmeshajua, na mmemwoza hivyo hivyo."

"Naenda kwao sasa hivi," nikasema.

"Usiende peke yako," akasema. "Nakuja."

Nikampigia mjomba wetu, fundi wa kuchomelea vyuma. Hapokei. Mashine zikiwaka huwa hasikii. Nikamwachia ujumbe wa sauti, nusu yake kilio. Kisha nikaipiga namba ya shemeji.

"Shemeji! Habari za siku?"

"Nzuri. Nataka kuongea na Kidoti."

"Yuko bafuni. Mafua haya, unajua tena..."

"Mwambie nakuja kumwona."

Nikasikia mluzi, taratibuuu.

"Karibu," akasema. "Ila uwahi. Lori linakuja saa sita."

Saa tano na robo nilikuwa getini kwao. Peke yangu! Najua. Nipeni nyota mbili.

Alinifungulia akitabasamu, kamba ya kijani shingoni. Alipofunga geti nilihesabu: mara mbili. Mlango wa sebule nao mara mbili.

"Usalama tu, shemeji."

Sebuleni kulikuwa na maboksi yaliyofungwa kwa gundi, na viti viwili. Nyuma ya mlango wa bafu, mwisho wa korido, maji yalikuwa yanamwagika.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Papo hapo nikajua nimejibu vibaya.

"KIDOTI!" nikapaza sauti. "Dada yako nimekuja!"

Maji tu.

"Usimpigie kelele. Kichwa kinamuuma." Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, kioo kimoja kimoja. Akaitazama saa. Akaanza kuinuka.

Wadau, nilitishika mpaka akili ikaganda. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki kichwani mwangu.

"Shemeji, umesikia kuna riwaya ya watu wanaohamia mwezini?"

Akanitazama. Akakaa.

Nikaongea! Nikamweleza mwezi mzima. Nikahamia kwenye upelelezi, nikamwambia kwa nini muuaji hafai kuchorwa kwenye jalada. Akauliza swali, nikajibu. Nikaingia kwenye ile ya mapenzi, tajiri na jumba lake, nikamsikia akisema kwa upole, "Huyo mwanaume namwelewa." Nikaendelea tu, wahusika, lugha, ukubwa wa maandishi, chochote. Dakika ishirini!

"Na ipi imekutisha zaidi?" akauliza.

"Moja ya fundi cherehani."

Mungu wangu. Mdomo ulisema kabla yangu!

Mkono uliokuwa unafuta miwani ukasimama.

"Fundi cherehani..."

Akainuka. Akaenda mpaka mlango wa bafu, akagonga kwa kidole kimoja.

"Mtoto mzuri, umemaliza?"

Maji.

"Mtoto mzuri!"

Akausukuma kwa bega mara tatu, komeo likang'oka. Bomba lilikuwa wazi. Dirisha lilikuwa wazi. Wavu wa chuma ulikuwa sakafuni, na kwenye kisahani cha sabuni kulikuwa na skrubu nne zimepangwa vizuri.

Kidoti hayupo!

Akageuka akanitazama, na tabasamu lilikuwa limemwisha.

"Nani amemfundisha?"

"Sijui!" nikapiga kelele, na wallahi sikujua.

Akatoka bafuni, akasimama katikati ya korido, kati yangu na mlango. Akazishika funguo kifuani. Akaanza kupiga mluzi. Nikafumba macho, nikamwaza mama.

Ndipo nje kukasikika sauti kali ya chuma kinachokatwa. Mjomba alikuwa amesikia ujumbe! Na mjomba hakugonga, alikuja na mashine yake. Geti likaanguka, mlango ukafuata, wakaingia yeye, majirani, askari wawili, na nyuma yao mwanamke mwembamba mwenye tepu ya kupimia shingoni.

Shemeji alipomwona yule mwanamke, mluzi ukakatika. Akawekwa pingu bila kusema neno.

Kidoti alikuwa kwa jirani, miguu peku, amejifunga khanga ya watu. Kitabu kilikuwa mapajani mwake, jalada limelowa. Namba ya mwandishi iko ukurasa wa mwisho. Ndiyo aliyoipiga alipofika kwa jirani, na fundi cherehani akaita askari.

Akanirukia shingoni.

"Nilijua utakuja!"

"Ulijuaje?"

"Sura ya kumi na mbili! Mgeni anamshughulisha mume sebuleni, mke anatoka dirishani. Skrubu tatu nilishazilegeza na bisibisi yake ya miwani. Ya nne nilikuwa nasubiri mgeni. Nilipokusikia unaita, nikajua ndiyo saa yenyewe." Alikuwa analia na kucheka. "Ulinipa kitabu makusudi. Ulijua ukiniambia waziwazi sitakubali, nilivyokuwa nimependa. Dada, umeniokoa."

Juu ya bega lake, fundi cherehani alikuwa ananitazama. Alijua. Aliona usoni mwangu kwamba sura ya kumi na mbili ndiyo kwanza naisikia.

Hakunifichua. Na mimi nikapokea shukrani.

Leo ni wiki ya tatu. Shemeji yuko ndani, na yule binti mwingine anatafutwa. Mama anamwambia kila anayeingia kwamba mimi ni mtoto mwenye akili. Kidoti, ambaye sasa anaishi kwa mama, ananiwekea chakula wa kwanza.

Kwa hiyo wadau, hili ndilo funzo langu. Ukisema umesoma, uwe umesoma. Kuna mtu ameweka maisha yake katikati ya kitabu, anakusubiri ufike, na wewe unaruka.

Na sasa nisameheni, haya yanayobaki si yenu.

Kidoti, wewe huruki kurasa, kwa hiyo najua umefika mpaka hapa. Mimi sikujua. Sikukupa kitabu makusudi, niliona uvivu kutafuta zawadi. Sikuja kumshughulisha, nilikuwa naropoka kwa woga. Umejiokoa mwenyewe, na yule fundi cherehani. Mimi nilikuwa na ukweli mkononi kabla ya harusi yako, na sikuufungua.

Nyota tano nimezifuta. Niko ukurasa wa 160, nasoma kila neno. Nikimaliza nitakuja kwa mama, nitagonga. Usiponifungulia mlango, nitaelewa.