Sakafu Mpya ya Stoo

Rafiki yangu mmoja, seremala, alichoka siku ile mpaka mgongo ukagoma kunyooka. Alikuwa ameng'oa sakafu ya stoo iliyoliwa na mchwa, akashindilia udongo upya, akapigilia mbao ngumu za mninga. Stoo yenyewe haina dirisha, na umeme ulipokatika hakuwa na nguvu hata ya kuinuka. Akabaki ameketi palepale sakafuni, viganja chini.

Ndipo nyundo ikaanza kugonga.

"Fundi, si ulisema umemaliza?" mama mwenye nyumba akauliza kutoka jikoni.

"Nimemaliza, mama. Nyundo nimeshaifunga kwenye mkoba."

Mlio haukukoma. Ubao ukatetemeka, naye akapapasa gizani. Katikati ya vidole vyake, ncha ya msumari ilikuwa ikichomoza kutoka chini, polepole, pigo kwa pigo.