Kizimba cha Mbu Wenye Njaa

Kizimba namba tisa hakikuwapo. Kwenye rafu lilibaki taulo moja mbichi lililokuwa limekifunika, na Inspekta akaitazama nafasi ile. Wizi wa mbu! Angesimuliwa jana angecheka mpaka mbavu zimuume. Sasa alikuwa amesimama katika chumba chenye joto la kukaba, vizimba vya wavu pande zote, akajikuta anashusha mikono ya shati bila kuambiwa.

"Wako wangapi?"

"Majike hamsini," alijibu fundi wa maabara, mwanamke wa makamo ambaye wenzake walimwita Mama Mbu kwa kuwa ndiye aliyewalisha. "Wote wana malaria, afande. Na si malaria hii ya kawaida. Vimelea vyake vimeanza kuzoea dawa."

"Maana yake?"

"Akiumwa mtu na hao, dawa inaweza kumsaidia. Inaweza pia isimsaidie."

Kifungua mimba wa Inspekta alifia mikononi mwake kwa malaria, na tangu hapo mlio wa mbu mmoja chumbani ulitosha kumnyima usingizi. Aliogopa, wala hakujidanganya. Nje ya ukuta wa kituo kile cha utafiti kulikuwa na mtaa mzima wa watu na watoto wao.

Kufuli halikuvunjwa. Alama za vidole hazikupatikana, maana humo kila mtu huvaa glavu.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na Daktari Mkuu."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Hospitali, namuuguza mama. Waulize wauguzi."

Koplo wake alitoka kupiga simu, akarudi na jibu kwamba ni kweli. Inspekta alikuwa ameinamia ndoo ya taka. Juu kabisa palikuwa na pamba iliyokauka kau.

"Hii nini?"

"Pamba ya maji ya sukari. Ndicho chakula chao, tunaiweka juu ya kizimba."

"Mbona imetupwa?"

Mama Mbu aliitazama kwa makini. "Tunaiondoa siku moja kabla ya kuwapa damu. Wakishiba sukari hawaumi vizuri. Ni mazoea, afande, mkono unakwenda wenyewe."

"Kwa hiyo aliyewachukua anataka waume. Tena leo."

Inspekta alimgeukia Mama Mbu.

"Daktari Mkuu yuko wapi?"

"Amepiga simu asubuhi, bintiye mgonjwa. Lakini juzi nilimwona hapa uani anaruka kamba, buheri wa afya..."

"Chukua dawa ulizonazo, za malaria na za mbu. Twende!"

Nyumba ya Daktari ilikuwa na nyavu kila dirisha. Walibisha, kimya. Koplo akausukuma mlango kwa bega.

Katika chumba cha nyuma palikuwa na kitanda, na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Inspekta alishusha pumzi. Kumbe mtoto yuko salama! Kisha akausikia mlio, nao ulitoka ndani ya chandarua.

Binti wa miaka sita alilala chali, meno ameyauma, mikono kainyoosha. Mbu walikuwa wametapakaa juu yake, matumbo mekundu. Baba yake aliketi kando akiwatazama.

"Usifungue!" alisema. "Bado kidogo."

Inspekta hakumbuki alivyopita. Yule aliyeogopa mbu mmoja alijitosa katikati ya hamsini, akamkumbatia mtoto na kumtoa, huku Koplo akipuliza dawa ya wadudu chumba kizima. Pingu zilifungwa sebuleni, wote wakikohoa.

"Kwa nini?"

"Wazazi," alisema Daktari kwa sauti kavu. "Kila niliyemwomba amlete mwanawe kwenye majaribio ya chanjo aliniuliza, je, wako umemchanja? Nikamchanja. Lakini chanjo isiyokutana na mbu haijathibitisha kitu. Kamati ya maadili ikanikatalia."

"Si ungeweka mkono wako mwenyewe!"

"Mimi nimeugua malaria mara chungu nzima, mwili umeshaizoea. Yeye hajawahi. Nimemkinga tangu azaliwe."

"Mama yake anajua?"

"Yuko safarini." Hapo ndipo alipoangalia chini.

Mama Mbu alikwishatoa vidonge, vya mtoto na vya Inspekta, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kuvimba vipele. Daktari aliruka kutoka kitini, Koplo akamrudisha.

"Msimpe! Akimeza sasa hatutajua kama chanjo imefanya kazi. Nawaombeni, ngojeni kwanza augue!"

Inspekta alimpa mgongo. Alimpakata mtoto, akamnywesha maji na vidonge, huku akiomba kimoyomoyo viwe bado na nguvu.

Mtoto alikunja uso kwa uchungu wa dawa. Akajikuna mkono, akachungulia begani kwa Inspekta kumtafuta baba yake.

"Baba, sikulia hata kidogo," alisema. "Nimefaulu?"