Mkoba Kwenye Kiti

Asubuhi ile ngazi za jengo la sanaa zilijaa wanafunzi wapya, kila mmoja akitafuta chumba na hakuna aliyejua kilipo. Binti mmoja mwenye gauni la kijani na mkoba mkubwa kama wa kuhamia alisukumwa na umati mpaka ndani ya darasa la falsafa, ilhali yeye alikuwa anatafuta historia. Kutoka akashindwa, na viti vyote vilikuwa na wenyewe. Nyuma kabisa aliketi kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama, begi lake likiwa kwenye kiti cha pembeni. Alimtazama binti, akaliondoa begi.

"Ulikuwa umemwekea nani?" binti akauliza.

"Sijui. Labda wewe."

Basi, ndiyo ilivyoanza, nanyi msiniulize kwa nini hakuondoka kwenda historia. Mhadhiri alipouliza swali, binti alimjibu kwa maswali matatu, na kabla ya mchana darasa zima lilikuwa likimwita Maswali. Kijana walimwita Mrefu, na hilo halihitaji maelezo.

Chuo kile kilikuwa na utaratibu wake. Muhula wa kwanza hukuchagua shahada, ulionja tu: leo historia, kesho falsafa, keshokutwa fasihi au isimu, yaani elimu ya lugha. Muhula ukiisha, kila idara iliweka benchi lake kwenye ukumbi mkubwa. Mwanafunzi aliitwa mbele za watu, akatembea, akaketi kwenye benchi la somo alilolichagua. Waliiita Siku ya Mabenchi, na ukishakaa umekaa.

Wawili hawa walionja pamoja. Kwenye isimu walirekodiana sauti na kucheka mpaka wakatolewa nje. Kwenye fasihi Mrefu alisinzia, Maswali akamchora masharubu kwa kalamu, na kijana akazunguka nayo chuoni hadi jioni. Lakini kwenye historia mambo yalibadilika. Mhadhiri wao, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwatuma wakamhoji mzee wa nyumbani kwao jambo ambalo hajawahi kuulizwa.

Mrefu alimhoji bibi yake, aliyekuwa mpokea simu enzi za usichana wake, wakati simu zikiunganishwa kwa waya na mkono wa mtu. Aliposimama kulisimulia darasa namna bibi alivyojua siri za mji mzima na asimwambie yeyote, alisahau hata muda. Maswali, aliyeipenda historia tangu utotoni, alimtazama akajua mambo mawili: kijana yule amelipata somo lake, na yeye mwenyewe amekwisha kupenda. La pili halikufichika, wakawa wapenzi; la kwanza hakulisema.

Alikuwa na sababu. Dada yake mkubwa alisomea upimaji wa ardhi kwa kumfuata mchumba. Mchumba akahama na mwingine, dada akabaki anapigilia vigingi juani, kazi asiyoipenda hata kidogo. "Mwenye mapenzi kaondoka, vigingi vimebaki," ndiyo salamu yake kila arudipo nyumbani. Kwa hiyo, Siku ya Mabenchi ilipokaribia, Maswali alipiga simu.

"Mpenzi, nataka ahadi moja."

"Hata mbili, roho yangu."

"Usiniambie utakaa benchi gani, nami sitakuambia. Na usinifuate. Mtu akinifuata mpaka darasani, kesho atanidai maisha yake."

"Na tukikutana tu njiani?"

"Mrefu, sitanii."

Siku ikafika. Maswali, na gauni lake lilelile la kijani, aliitwa mapema. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la historia, akaweka mkoba pembeni yake. Alimkataza kumfuata, ndiyo, lakini alitamani aje.

Mrefu alipoitwa, alisimama akiwa na historia moyoni, maana ndilo somo alilolilalia na kuliamkia. Akainua macho, akaliona lile gauni la kijani. Nikienda pale, akawaza, atasema nimemfuata. Aligeuka akaketi benchi la falsafa. Ujinga gani huo? Ni ujinga wa mtu anayependa, nao hauna dawa.

Maswali aliona jambo moja tu: amenitazama, akanipa mgongo. Jioni Mrefu alipopiga simu, alipewa hongera kavu na usiku mwema. Simu zikapungua, kisha zikakatika.

Majengo ya idara zile mbili yalitazamana. Kutoka dirishani mwa historia Maswali alikiona kichwa cha Mrefu kikivuka vichwa vya wenzake kwenye ngazi, na mhadhiri angeweza kusema lolote, yeye hakusikia. Kila darasa aliweka mkoba kwenye kiti cha pembeni. Aliyetaka kukaa aliambiwa kuna mtu. Simu ikilia alikurupuka, kumbe ni dada anauliza pasi iko wapi. Alimkumbuka Mrefu mpaka akakonda.

Jumapili moja alipigiwa simu na bibi yake Mrefu, ambaye waliwahi kusalimiana kupitia mjukuu wake.

"Mke mwenzangu, hilo somo lenu haliishi?" bibi akalalamika. "Huyu mume wangu kila Jumapili yuko hapa ananihoji na kunirekodi. Koo limenikauka."

"Bibi, yeye hasomi historia. Anasoma falsafa."

Bibi akaguna.

"Mjukuu wangu," bibi akasema polepole, "nimewaunganisha watu ujana wangu wote. Laini ikiwa na mtu huku na mtu kule, na hakuna anayesema, kosa si la waya."

Kesho yake Maswali alipanda ngazi za falsafa, akamkuta Mrefu ameketi peke yake, kola imelala.

"Ningekaa fasihi siku ile, wewe ungekaa wapi?"

"Historia," akajibu, bila hata kufikiri.

Maswali akaketi kando yake, machozi yakamtoka. "Nilikuomba usiyaache maisha yako kwa ajili yangu. Umeyaacha kwa kunikimbia. Sasa una tofauti gani na dada yangu?"

Mrefu aliushika mkono wake, akasema amechoka kumwona kwa mbali tu.

Walikwenda pamoja kwa yule mama wa historia. Aliisikiliza sauti ya bibi, akacheka, akafuta macho, ila sheria hakuivunja: Mrefu angehamia na wanafunzi wa mwaka unaofuata, nyuma ya mpenzi wake mwaka mzima. Akakubali.

Mwaka mpya ulipoanza, aliingia darasa la historia kwa aibu, anawazidi watoto wale wote kwa kichwa. Viti vilijaa. Nyuma kabisa, mahali asipopaswa kuwapo, aliketi Maswali, mkoba kwenye kiti cha pembeni. Akauondoa.

"Watasema nimekufuata," Mrefu akanong'ona, akiketi.

"Hapana," Maswali akasema. "Leo nimekufuata mimi."