Pindo Chini ya Mlango

Kwaruu. Kimya. Kwaruu tena.

Bado giza lilikuwa nene, na sauti hiyo ilitoka sakafuni, karibu kabisa na kichwa cha Sindano. Ilikuwa poti ya plastiki ikiburutwa kutoka mvunguni mwa kitanda. Sindano aliifahamu vizuri, lakini kila alfajiri ilimsisimua mwili, kwa sababu haikufuatwa na neno lolote. Ulifuata mkono mdogo wa baridi, ukashika shuka lake na kulivuta mara mbili. Mdogo wake alikuwa amesimama hapo kando kama kivuli, akisubiri.

"Haya, nimeamka," Sindano alinong'ona.

Alimsaidia kuvua kaptura, akamkalisha, akageukia ukutani. Mtoto alipomaliza hakusema amemaliza. Alivuta shuka tena, mara mbili.

Mama yao alikuwa fundi cherehani, na majina yao ya utani alikuwa amewapa yeye. Binti alimwita Sindano kwa wembamba na wepesi wake. Mdogo, aliyekuwa anakaribia miaka mitano, alimwita Kifungo, kwa kuwa alikuwa mviringo na alipenda kung'ang'ania nguo za watu.

Zamani Kifungo hakuwa mkimya hivyo. Waliishi katika nyumba ya wapangaji, vyumba vimezunguka ua, choo kimoja pembeni chenye mlango wa bati. Kifungo alikuwa akiketi mle ndani na kutangaza kama mtu wa mnadani: "Mama, nimemaliza. Njoo unitawaze." Ua mzima ulisikia. Muuza mkaa aliyepanga chumba cha jirani alimbandika jina la Redio.

"Redio imefungua matangazo," alikuwa akisema, huku akipuliza jiko lake. "Leo habari ni nzito au nyepesi?"

Watu walicheka, na mama naye alicheka nao. Lakini siku moja kiongozi wa kwaya, mwanamke nadhifu mwenye sauti ya upole, alikuja kupimwa gauni. Mama alikuwa amemzungushia utepe wa kupimia kiunoni wakati tangazo la Kifungo lilipopita dirishani, na safari hii habari ilielezwa kwa kirefu. Uso wa mama uliwaka moto. Jioni alimpakata mwanawe akazungumza naye taratibu.

"Mwanangu, mambo ya choo hayasemwi mbele za watu. Ukibanwa, nivute gauni mara mbili, mimi au dada yako. Na ukiwa chooni, kimya. Hata ukiitwa, usijibu. Umenielewa?"

Kifungo aliitikia kwa kichwa. Alielewa kuliko mama alivyotarajia.

Kwaya ile ilichagua kitambaa cha rangi ya damu ya mzee chenye madoadoa meupe. Mama alishona magauni yao kwa majuma kadhaa, na vipande vilivyobaki kwenye jora akamshonea Sindano gauni. Siku ya mashindano ya kwaya Sindano alilivaa, akajiona kama mmoja wa waimbaji.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa zamani. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na ujia mrefu ambao taa zake zilikufa siku nyingi. Wanafunzi shuleni walisema humo husikika mtu akikohoa, na ukimtafuta humwoni.

"Mimi naingia chumba cha kuvalia, kuna zipu zinanisumbua," mama alisema. "Mshike mwenzio mkono. Kwanza mpeleke choo, ndipo mkakae."

Choo cha wageni kilikuwa nje, karibu na geti, na foleni yake ilifika hadi kwenye ngazi. Ndani kwaya ya kwanza ilikuwa imeanza kuimba. Sindano alitazama foleni, kisha akamtazama mdogo wake.

"Umebanwa?"

Kifungo akatikisa kichwa kukataa. Basi wakaingia, wakapata viti karibu na njia ya katikati.

Haukupita muda mrefu, Sindano akahisi gauni lake likivutwa. Mara mbili.

"Jikaze kidogo," alisema bila kugeuka. "Wakimaliza hawa, tutatoka."

Likavutwa tena.

"Kifungo, nimesikia."

Waimbaji waliovaa nguo za mama wakaanza kupita katikati ya ukumbi kwa mstari, wakielekea jukwaani. Sindano alisimama apate kuona mapindo aliyosaidia kuyapiga pasi. Akasogea mbele, akauachia mkono wa mdogo wake ili apige makofi. Magauni yakapita, moja baada ya jingine, yote ya rangi moja, yote yenye madoadoa.

Alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Alichungulia chini ya viti. Aliangalia mlangoni. Kisha akaona mlango mdogo wa pembeni mwa jukwaa ukiwa wazi, na nyuma yake giza. Moyo ulimwambia arudi akamwambie mama, lakini aliogopa kugombezwa. Akaingia.

Ujia ulinuka unyevu na vumbi la miaka. Kwaya ilisikika kwa mbali kama watu wanaoimba chini ya maji. Mahali fulani bomba lilikuwa likidondosha tone, kisha tone. Upande mmoja palikuwa na milango ya mbao iliyovimba kwa unyevu, yote imefungwa.

"Kifungo?"

Tone.

"Kifungo, uko wapi?"

Hapo akasikia, nyuma ya mlango mmoja, pumzi ikivutwa kwa pua. Pumzi ndogo, ya majimaji. Sindano alisimama kama aliyegandishwa. Akaita tena, na pumzi ile ikakatika.

Kukatika kwake ndiko kulikomtisha zaidi. Mtoto akiitwa na dada yake huitika. Ni kitu gani kinachojizuia kupumua kikisikia kinaitwa? Sindano alitimua mbio hadi akajikuta mbele ya mama.

Mama alikuwa amebana pini midomoni, amepiga magoti kwenye pindo la mwimbaji wa kwaya nyingine.

"Mama, Kifungo haonekani."

Mama alitoa pini moja moja mdomoni na kuzichomeka kwenye mkono wa gauni lake. Wakati huo kwaya ya magauni yao iliteremka jukwaani, na mwimbaji mmoja akasikia wanachoulizana.

"Mtoto mdogo, mnene mnene? Alinivuta gauni tulipokuwa tunasubiri kupanda. Mara mbili. Nikadhani ananichokoza. Nikampapasa kichwa, nikapanda zangu."

Mama alitazama gauni la yule mwimbaji. Kisha akatazama la binti yake.

"Alidhani ni wewe," alimwambia Sindano, polepole. "Alisema kwa njia ile niliyomfundisha, na hakuna aliyemsikia."

Mlinzi wa ukumbi alikuja na tochi. "Vyoo vya nyuma havitumiki siku hizi, mama. Kule hata mimi mtu mzima siendi bila sababu. Tazameni barabarani."

Hata hivyo mama alikimbia ujiani kwanza, akaita kwa nguvu zake zote, "Kifungo! Kifungo mwanangu!" Sauti ikaenda, ikagonga ukuta wa mwisho, ikarudi peke yake. Ndipo wote wakatoka mbio kuelekea getini, ambako malori yalikuwa yakipita bila kupunguza mwendo.

Sindano alibaki kwenye ngazi. Lori lilipiga honi. Alijaribu kumfikiria mdogo wake akivuka barabara, lakini hakuweza. Kifungo hakuwa anatafuta barabara. Alikuwa anatafuta choo. Na kama alikipata?

*Hata ukiitwa, usijibu.*

Sindano alihisi nywele zikimsimama. Aligeuka akarudi ndani, akapita viti, akapita mlango mdogo. Giza lilikuwa vilevile. Miguu yake ilikataa, akailazimisha. Aligusa milango kwa kiganja, akihesabu kwa mguso si kwa macho, hadi akafika pale aliposikia pumzi. Akapiga magoti.

"Kifungo, ni dada. Usiseme kitu. Nisikilize tu."

Kimya.

Chini ya mlango palikuwa na uwazi wa kupitisha vidole. Sindano alilala kifudifudi kwenye sementi yenye maji, akalikusanya pindo la gauni lake, akalisukuma ndani. Giza likalimeza. Akangoja, shavu likiwa chini, akisikiliza tone la bomba, asijue anachokingoja ni mdogo wake au ni yule asiyeonekana.

Pindo likavutwa. Likalegea. Likavutwa tena.

Sauti aliyoitoa Sindano kumwita mama ilisikika hadi getini. Mlinzi alikuja, akapiga mlango kwa bega, ukafunguka. Ulikuwa umevimba na kukwama baada ya Kifungo kuusukuma nyuma yake. Tochi ilimkuta amesimama pembeni, kaptura imelowa, miguu imelowa, ukosi wa shati ukiwa kinywani. Alikuwa ameuuma ili kilio kisitoke.

Mama alimbeba bila kujali gauni lake. Walimsafisha kwenye bomba la nje, wakamfunga mtandio wa mama kiunoni. Kifungo aliwatazama kwa zamu, mama kisha dada, kana kwamba anauliza kama amefuata masharti vizuri.

"Mama, ni mimi," Sindano alisema, machozi yakimtiririka. "Alinivuta. Nikamwambia ajikaze."

"Ulikosea, na sitakuficha," mama alijibu. "Mtoto wa umri huu haambiwi ajikaze, mwanangu. Kibofu chake ni kidogo. Akikwambia amebanwa, jua ameshangoja vya kutosha. Ungemtoa hata kama wimbo ungekuwa mtamu vipi." Alimkamua mtoto shati. "Lakini kosa kubwa ni langu. Niliona haya mbele ya mteja, nikamtwisha mtoto haya zangu. Kukojoa si aibu. Aibu ni mtoto kukaa gizani anasikia mama yake anaita na anaogopa kuitika."

Tangu siku ile, kila walipokwenda mahali, la kwanza lilikuwa kuuliza choo kilipo. Sindano alibeba kaptura ya akiba na kitambaa ndani ya mfuko, akampeleka mdogo wake kabla hajaomba, akasimama mlangoni na kuongea naye muda wote ili asijione peke yake. Mama alimwambia Kifungo, tena na tena, kwamba masharti yale yamekwisha. Kifungo alisikiliza, akaitikia kwa kichwa. Na alfajiri, kwaruu, kisha shuka likavutwa.

Sindano naye hakupona haraka. Kila alipofumba macho alisikia pumzi ile ikikatika.

Siku moja mama alitoka uani, akasimama mbele ya wapangaji wote. "Redio yetu imezimika," alisema. "Naomba tusimcheke tena."

Muuza mkaa aliinamisha kichwa. Jioni hiyohiyo alitokeza na kopo lake la maji mkononi, akakohoa, akasema kwa sauti nzito, "Jamani, mimi mzee mzima nimebanwa. Naenda chooni. Mwenye swali?" Mwenye chumba cha mwisho akamwambia aende salama. Kesho yake wengine nao wakaanza kujitangaza. Watu wazima walijipanga uani wakitoa taarifa kama wasafiri wanaoaga. Kifungo alikaa kizingitini akiwatazama, macho yamemtoka, bila kutabasamu.

Tumbo lilianza kumuuma, kwa kuwa alikuwa akijizuia mchana kutwa. Mama akampeleka zahanati, Sindano akiwa pamoja nao. Walikaa kwenye benchi refu lililojaa watu, wazee kwa watoto wachanga, na muuguzi alikuwa akiita wagonjwa mlangoni. Kulikuwa na ule utulivu wa mahali ambapo kila mtu anasikiliza jina lake.

Mkono mdogo ukashika gauni la Sindano. Ukavuta mara moja.

Sindano aliinuka papo hapo, mfuko wa kaptura begani, akamshika mkono. "Twende, choo nimekiona, kiko pale nyuma. Na ukitaka kuniambia kitu, niambie tu. Hakuna atakayekugombeza."

Mama aliwatazama, mikono yake imekutana mapajani. Kifungo hakuondoka. Aliwaangalia watu wote wa benchi lile, mmoja mmoja, kama anayekagua ni nani atakayecheka. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni, karatasi mkononi. Polepole, vidole vikaliachia gauni.

"Dada, nataka kukojoa."