Mstari wa Juu na Chini

Saa sita mchana mstari wa tatu uliruka mara tatu, ukatulia. Mhoja Shigela aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Hakuwa amesikia kitu.

Kipima mtetemo kilikuwa sakafuni, katika chumba cha nyuma cha Bi Mwaija binti Iqbal, pale Igogo, nyumba iliyojengwa juu ya jabali. Hakikuzidi kiberiti kwa ukubwa, lakini kilihisi pande tatu: kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, juu na chini, kila upande na mstari wake kwenye kompyuta. Kilikuwa na hisia kali kiasi kwamba hata mawimbi ya ziwa yakigonga mawe kule chini yalijichora. Kazi ya Mhoja ilikuwa kusema kama ufa wa sakafu ni wa hatari. Shamsa, bintiye Bi Mwaija, angerudi jioni kutoka hospitali na mtoto mchanga, na chumba kilikuwa hicho tu.

Mstari ukaruka tena, mara tatu.

"Juu na chini peke yake," Mhoja alisema. "Ajabu."

"Anabisha hodi, baba," Bi Mwaija alinong'ona. "Mwaka wa pili huu. Sisi tunanyamaza."

"Mama, hiyo ni pampu ya jirani."

"Jirani anachota ziwani."

Mhoja akacheka, akainamia waya, na hapo sakafu ikagongwa kwa sauti, taratibu, kama mtu mzima anayejua wenyeji wamo ndani, na yeye, aliyelelewa Magu katika nyumba ambamo kuacha hodi bila jibu kulikuwa utovu wa adabu, kabla hajafikiri, akaitikia, "Karibu."

Mistari yote ikalala, hata ziwa likapotea, harufu ya tope bichi ikajaa chumbani, kisha ule wa mashariki na magharibi ukaanza kuruka, hatua baada ya hatua, kama mtu anayetembea kutoka kwenye ufa mpaka pale Mhoja alipopiga magoti, ukakoma.

Bi Mwaija akafungua mlango wa mbele. "Mgeni ni wa aliyemkaribisha. Mjukuu wangu analala hapa leo. Ondoka naye."

"Mama, na mimi nina mtoto mchanga."

"Ungenyamaza, baba."

Mhoja alifika kwake Buswelu jua lingali juu, hakugeuka nyuma njia nzima. Mkewe, Odeta, akatoka na mtoto mgongoni, akapiga goti kidogo, akitazama nyuma ya bega la mumewe.

"Shikamoo, mzee."

Mhoja akafumba macho, akaomba pasiwe na wa kuitikia.

"Marahaba, binti. Na huyo wa mgongoni anaitwa nani?"