Jopo la Ghorofa ya Kumi na Moja

Siku Nazifa alipokutana na Ishtiak nusura wapigane. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeifanya barabara ya Gulshan, jijini Dhaka, mto, na mbele ya lifti za jengo lile la vioo walisukumana vijana zaidi ya mia, wote wamekuja kusailiwa na kampuni moja ya ushauri wa biashara. Nazifa alivaa shalwari ya kijani iliyonyooshwa kwa pasi usiku kucha, sasa pindo lote matope. Lifti tatu zilimpita. Ya nne ilipofunguka, kijana mrefu mwenye tai nyekundu akajipenyeza mbele yake.

"We kaka, foleni huioni?"

"Naiona, dada. Ndiyo maana nimeiruka."

"Kwenu hukufunzwa adabu?"

"Nilifunzwa. Leo nimeiacha nyumbani isilowe."

Waliomo ndani wakacheka. Nazifa akaingia kwa nguvu, akamkanyaga kwa kisigino, makusudi kabisa, wakapanda hadi ghorofa ya kumi na moja wakitazamana kama wake wenza.

Wote wawili walipita duru ya kwanza. Desturi ya wasailiwa wa Dhaka ni kwamba jina lako likibaki kwenye orodha, unatafuta mwenza wa kufanya naye mazoezi. Mmoja anajifanya msaili, mwingine anajibu, na hakuna kuoneana huruma. Nazifa alichelewa kutafuta. Kila mtu alikuwa ameshapata wake, likabaki jina moja tu, na alipopiga simu aliitambua sauti.

"Wewe si ndiye uliyenikanyaga?"

"Na nitakukanyaga tena. Haya, kadiria. Dhaka inakunywa vikombe vingapi vya chai kwa siku?"

"Subiri nikae..."

"Mteja hasubiri. Umefeli. Anayefuata!" Akamkatia simu.

Ishtiak alipiga tena huku akicheka hadi anakohoa. Tangu hapo wakawa wanatukanana kila jioni, wiki baada ya wiki, na matusi yakaanza kunoga.

"Jibu lako limeoza, roho yangu."

"Limeoza kama mapishi yako, mpenzi?"

"Nani kakwambia utakula mapishi yangu?"

"Mama atakuja kukuuliza mwenyewe. Ijumaa baada ya usaili wa mwisho."

Nazifa aliweka mkono kifuani. Mama wa kijana akija nyumbani kumuona binti, hilo si jambo la mchezo.

Kesho yake walikaa kando ya ziwa la Dhanmondi wakila fuchka, vile vitafunio vya mtaani vya kukaanga, pilipili imewatoa machozi, na hapo ndipo Ishtiak alipomwambia. Kazi yake ya zamani, kwenye kampuni ya simu, hakuiacha. Alifukuzwa. Alisimama mbele ya wakurugenzi ulimi ukakataa kabisa, na baadaye walinzi wakamtoa nje kama mwizi. Mama yake, mjane aliyemsomesha kwa cherehani, hakujua mpaka leo. Kwa miezi saba Ishtiak alitoka nyumbani kila asubuhi amevaa tai, akaenda kukaa maktaba mpaka jioni.

"Haya nimekwambia wewe tu," alisema.

"Kwangu yamefika kaburini," Nazifa akajibu, na alimaanisha.

Duru ya mwisho wakabaki wawili, na nafasi ilikuwa moja. Mkuu wa jopo, Bwana Kibria, alisifika mji mzima kwamba hajawahi kumwambia msailiwa asante. Alisoma karatasi ya majibu ya Nazifa, akaisukuma kwa kidole kama kitu kilichochacha.

"Huu upuuzi ulikuchukua saa nzima?"

"Dakika arobaini, bwana."

"Baba yako anakuoza lini? Tusije tukapoteza muda kukufundisha."

"Akiniuliza mimi, nitakujulisha."

Hakutetereka. Kwenye mazoezi Ishtiak alikuwa amemsema mabaya kuliko hayo. Ndipo Kibria akavua miwani.

"Mwenzako ametoka hapa sasa hivi. Ametuambia wewe unapika takwimu. Usipojua, unabuni."

Maneno hayo yalimchoma Nazifa, kwa sababu yalikuwa kweli, na aliyekuwa akimtania hivyo kila jioni ni mtu mmoja tu duniani. Hasira zikampanda mpaka masikioni.

"Ishtiak kasema hivyo? Ishtiak aliyefukuzwa kazi akatolewa na walinzi? Anayemdanganya mama yake mzazi mpaka leo?"

Kibria akaandika mstari mmoja. "Inatosha. Nenda."

Jioni simu ikalia.

"Nazifa, nimepata! Basi nikwambie pole kwanza, maana nimekunyang'anya." Sauti yake ilikuwa na furaha na aibu pamoja. "Lakini yule mzee ni shetani! Kaniambia eti wewe ndiye uliyemwambia nilifukuzwa. Nikamjibu, nilifukuzwa ndiyo, lakini Nazifa hawezi kusema, nyinyi mmewapigia simu wakubwa zangu wa zamani. Akacheka! Kumbe ni mtego. Wanakutafutia kasoro wenyewe, kisha kila msailiwa anaambiwa mwenzake kamsengenya. Wanaishi kwa siri za wateja, wanataka kujua nani atafunga mdomo akichomwa. Wewe walikudanganya nini?"

Nazifa alikaa chini sakafuni. "Wewe uliingia baada yangu?"

"Saa nzima baada yako."

Angeweza kunyamaza. Ishtiak alikuwa ameshamtengenezea uongo mzuri, kilichobaki ni kuuvaa tu. Na Ijumaa ilikuwa siku nne tu mbele.

"Hawakumpigia mtu simu," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliwaambia mimi. Walinzi, na mama yako, yote. Waliniambia umesema napika takwimu."

"Takwimu," Ishtiak akasema polepole. "Umeniuza kwa takwimu."

"Ishtiak, nisikilize..."

"Uliponinunua ni wapi, hata uniuze?"

Akakata. Siku tatu hakupokea simu. Alhamisi ukaja ujumbe mmoja tu: *Mama ameshashona nguo ya kuja kwenu. Namleta kwa ajili yake, si yako. Hiyo posa nitaikataa mwenyewe, baadaye, kwa heshima.*

Ijumaa Nazifa alivaa sari ya pamba ya waridi, akaingiza trei ya chai. Mama wa Ishtiak alikuwa mdogo kama kuku, macho makali. Ishtiak alitazama feni ya darini, si kitu kingine.

Mwanamke yule aliuliza kama mama wakwe wote wanavyouliza. Unapika nini? Unashona? Unalala saa ngapi? Nazifa akajibu. Kisha mama akaweka kikombe chini.

"La mwisho, mwanangu. Huyu wangu, kazi ile ya zamani aliiacha kwa nini? Juzi, alipopata hii mpya, kaniambia eti alichoka. Namjua akisema uongo tangu anatambaa. Wewe unajua?"

Feni ikasahauliwa. Ishtiak alimtazama Nazifa kwa mara ya kwanza.

"Najua, mama."

"Niambie."

"Siwezi."

Baba yake Nazifa akakohoa. "Jibu, binti. Mgeni anakuuliza."

Binti anayemgomea mama mkwe siku ya kuonwa hapati mchumba wa pili mtaa ule, na kila mtu chumbani alilijua hilo.

"Siwezi, baba. Si langu. Nilishalisema mara moja mahali pasipofaa, na ninajuta. Mama, ukinikataa kwa hili, nikatae."

Mama yake Nazifa akafumba macho kwa aibu. Mgeni akamgeukia mwanawe.

"Na wewe? Unaniambia, au nikaulize majirani?"

Ishtiak akaweka sahani mezani. Alimweleza yote, mbele ya watu asiowajua, wakurugenzi, walinzi, miezi saba ya maktaba, sauti ikimkatika kila baada ya maneno mawili. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Maktaba!" alisema, akapangusa macho kwa ncha ya sari. "Na mimi nilidhani una mwanamke."

Baba wa Nazifa akacheka kwanza, wengine wakafuata. Mama akatoa pete kwenye mkoba wake. "Lete mkono, binti."

Nazifa hakuunyoosha. Alimtazama Ishtiak.

"Mpe mkono," Ishtiak akasema, bado amekunja uso. "Hasira zangu hazijaisha. Utazikuta nyumbani."